Wembe Katika Gunia la Karanga

Bi Jaha alikuwa na kidole kimoja kisichokunjika, na mtaa mzima wa Makole ulishazoea kuonyeshwa njia nacho. Kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mwaka jana kisu cha kukunja kilijifunga kikiwa mkononi mwake, kikakata mshipa, na tangu siku hiyo kidole kikabaki kimenyooka. Mwenyewe aliwaambia wageni kwamba wenzake wanakiinua kwenye sala tano tu, cha kwake hakipumziki, basi wasimuulize habari za peponi, nafasi yake imeshawekwa. Wageni walicheka mpaka wakajifuta machozi. Wakishaondoka, Bi Jaha alikaa barazani akawahesabu kuku wake wanne, akawahesabu tena, na hapo ndipo binti yake Rukaya alipotaka kulia.

Maana Bi Jaha hakuumbwa kuhesabu kuku. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mfungua magunia katika soko la nafaka la Majengo, na kama hujui kazi hiyo usiidharau. Magunia ya karanga, mtama na alizeti yanaingia kutoka Mpwapwa na Kongwa yakiwa yameshonwa mdomo. Mnunuzi anataka kuona. Mfungua gunia anakata uzi kwa mkato mmoja bila kulichana gunia, mali inamwagwa kidogo kwenye turubai, inaangaliwa, kisha gunia linashonwa upya. Bi Jaha alikuwa akisikiliza tu karanga zinavyomwagika, anasema hizi zimenyunyiziwa maji jana, na mwenye mzigo anaanza kuangalia viatu vyake. Kigoda chake kilikuwa mwanzo wa safu ya wafungua magunia, na hakuna posa wala ugomvi uliopita Majengo asiujue yeye kwanza.

Kidonda kilipopona alirudi kazini mara mbili. Mara zote mbili alifungua kisu, mkono ukaanza kutetemeka, akakikunja, akaita bajaji akarudi nyumbani. Nurdini, mwenyekiti wa safu, mtu mpole mwenye sauti ya ugomvi, alikihifadhi kigoda stoo kwake na kutuma ujumbe: nafasi ni ya Bi Jaha mpaka yatakapoingia magunia ya kwanza ya alizeti mpya. Baada ya hapo atawekwa mtu mwingine, kwa kuwa msimu haumsubiri mgonjwa. Ujumbe huo ulifika mwezi wa nne, alizeti zikiwa zimeshainamisha vichwa mashambani.

Rukaya akaapa.

"Nitakutengenezea kisu ambacho hata ukitaka kujikata kitakataa," alimwambia mama yake.

Bi Jaha akamnyooshea kile kidole, akamwambia akimaliza hicho amtengenezee na mume asiyekoroma.

Rukaya alikuwa fundi chuma, na karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya banda la kuku. Alitengeneza makufuli, bawaba na vitasa, na milango yake ilijulikana mpaka mitaa ya mbali kwa kufungika bila kupigwa teke. Ubishi alikuwa nao wa kutosha, na alikoutoa unakujua. Akaanza kwa kununua kisu kama kile kilichomuumiza mama yake, vile vya kukunja vinavyowekwa wembe wa kubadilisha, akakifungua chote juu ya meza. Ugonjwa wake aliuona mara moja. Kilichoshikilia kisu kisijikunje kilikuwa kipande chembamba cha bati, na bati linachoka. Ukikandamiza kwenye mshono mnene linaachia, na wembe unarudi vidoleni.

Kisu chake cha kwanza akakiwekea kifungo cha chuma cha springi ya gari, na hapo hata tembo asingekikunja. Bi Jaha alikipima uzito mkononi, akauliza hiki ni cha kufungulia magunia au cha kupigia pasi.

Cha pili kilikuwa chepesi, na kabla hajampelekea mama yake, Rukaya alikwenda Majengo akakaa siku nzima akiangalia mikono ya watu. Aliona jambo ambalo alikuwa ameliona tangu utotoni asilitie maanani. Mfungua gunia anakihitaji kisu kwa kufumba na kufumbua tu. Uzi ukishakatika, anahitaji mikono yote miwili kuushika mdomo wa gunia, la sivyo mali inamwagika yote. Na kisu je? Kinabanwa kwa meno, wembe ukiwa nje. Wote walifanya hivyo. Dorkasi, mama mmoja mcheshi aliyeketi jirani na nafasi ya Bi Jaha, aliweza hata kusimulia kisa kirefu cha wifi yake kisu kikiwa kinywani, na kisa kilipofika pahala pa kuchekesha alicheka kisu kikiwa papo hapo. Rukaya alisisimka mwili mzima. Akakichukua kisu cha pili, akakirudisha nyumbani, akakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu.

Cha tatu ndicho kilichomnyima raha kwa wiki tatu. Kilijikunja kama vingine, kifupi cha kufungwa kwenye pindo la kanga, lakini hata ukikikunjua wembe ulibaki umejificha ndani. Ulitoka pale tu unapousukuma kwa dole gumba. Ukiondoa dole gumba, springi inaurudisha ndani. Kibane kwa meno, kiangushe, kisahau popote, hakina cha kukufanya. Watu wa safu walipokiona wakakiita Kobe, kwa namna kinavyoficha kichwa, na jina likashika papo hapo.

Mzee Natwarlal, ambaye familia yake imeuza misumari na bawaba pale kona ya soko tangu enzi za babu yake, alikichezea nusu saa nzima huku wateja wakimngoja. Akampa Rukaya pakiti za nyembe, akamwahidi kwamba siku watu wa safu watakaposema kisu ni kizuri, yeye atakitundika mbele ya duka. Rukaya akatengeneza vinne, akawagawia Dorkasi na wenzake watatu, kila mmoja na pakiti yake. Cha mama yake hakukipeleka bado, kwa sababu Bi Jaha alikuwa ameshatoa sharti lake. Wiki moja, alisema, wiki moja ipite bila tone la damu wala lawama, ndipo atakishika.

Siku ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita, na Rukaya alikuwa akiimba mpaka kuku wakamshangaa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Dorkasi alikata uzi wa gunia la karanga, akaondoa dole gumba, akatazama kisu chake, na wembe haukuwepo.

Haukuwa chini. Haukuwa kwenye turubai. Ulikuwa ndani ya gunia la kilo mia, pamoja na karanga za Henry.

Henry alikuwa mfanyabiashara kutoka Mpwapwa, mrefu, mkali, na siku hiyo ukali wake ulikuwa na haki. Alisema karanga zake zinakwenda kusagwa siagi, na siagi inaliwa na watu. Ikabidi gunia zima limwagwe. Safu yote ikapiga magoti kuzunguka turubai, ikachambua karanga moja moja na kuzirudisha gunia jingine. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kinywa kikiwa kitupu. Baada ya saa moja Henry alianza kulalamika kwamba wembe hauonekani lakini mzigo unapungua, na Dorkasi, mashavu yamejaa, akamjibu kwamba wanahakikisha tu kama hazina ladha ya chuma. Rukaya alikuwa amefika kwa bodaboda, amepiga magoti pamoja nao, na hakucheka. Wembe ulipatikana karibu na adhuhuri, umenasa kwenye pindo la ndani la gunia lilelile tupu. Hakuna aliyejikata. Hata hivyo Nurdini alivikusanya visu vyote vinne, akamkabidhi Rukaya kwa upole uliouma kuliko matusi, akamwambia magunia ya alizeti yanaingia baada ya siku kumi. Henry akaapa mbele ya watu kwamba mzigo wake hautaguswa na Kobe tena.

Habari zilifika Makole kabla ya Rukaya. Alimkuta mama yake barazani, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi hakuwa akihesabu kuku. Rukaya akaketi chini, akautoa ule wembe kwenye karatasi.

"Ulikuwa mpya, mama. Niliupima mwenyewe. Sasa tazama, upana umepungua. Taya la kisu linaubana juu na chini, ukipungua kidogo tu unachomoka. Lakini chuma hakiliki kwa siku tatu."

Bi Jaha aliupokea, akaugeuza kwenye mwanga.

"Ameunoa," alisema.

"Wembe wa kubadilisha haunolewi. Ukiisha makali unautupa, unaweka mwingine. Niliwapa pakiti nzima."

"Uutupe wembe ungali na chuma? Wewe mtoto ulilelewa na nani?"

Na hapo Bi Jaha akaanza kucheka, si kile kicheko cha kuwaagia wageni, bali kicheko chenyewe, cha tumboni, mpaka akajishikilia kwenye nguzo ya baraza. Alipopata pumzi akamuuliza binti yake ule mfereji kwenye ngazi ya duka la Natwarlal umechimbwa na nani. Rukaya aliuona mfereji ule mbele ya macho yake: ngazi ya saruji, na katikati yake bonde laini la upana wa viganja viwili, lililosuguliwa kwa miaka na nyembe za Majengo nzima. Yeye mwenyewe, akiwa darasa la pili, alitumwa pale kila asubuhi kabla ya shule. Piga magoti, tema mate, sugua huku, sugua kule, mpelekee mama. Alikuwa amesahau kabisa. Alisomea chuma, akakaa siku nzima akitazama mikono ya watu wale, akatengeneza kisu cha watu wanaotupa nyembe, akawaletea watu ambao hawajawahi kutupa wembe tangu wazaliwe.

Kesho yake alfajiri alikwenda akathibitisha. Dorkasi na wengine wawili walikuwa wamepiga foleni kwenye ngazi, wakisalimiana, kila mtu na wembe wake. Mzee Natwarlal alikuwa amesimama juu yao na marundo ya vigae vyeupe, akinung'unika kwamba mkwewe anataka ngazi itengenezwe, na kwamba fundi wa vigae ameshafukuzwa mara mbili na watu wanaonoa. Rukaya akamwamkia shikamoo, akamwomba asiiguse ngazi kwa siku chache.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuandika kwenye mpini: USINOE. Bi Jaha aliposikia akamwambia kwamba watu wa Majengo wakiona usinoe watauliza kwa nini, kisha watanoa waone kunatokea nini. Ndipo akainuka, akaingia chumbani, akarudi na sindano yake ya kushonea magunia, ndefu, imepinda kidogo, imeng'aa kwa miaka ya vidole vyake.

"Hii nimeinoa ncha mpaka imekwisha nusu," alisema. "Haijawahi kuuacha uzi. Kwa sababu uzi hauibani, umepita tunduni. Huo wembe wako si una tundu katikati?"

Ulikuwa nalo. Kila wembe wa aina ile una tundu katikati, na Rukaya alikuwa akilitazama kwa wiki zote hizo kama pambo. Alimbusu mama yake mkono, akakimbilia uani.

Siku zilizofuata nyumba ile haikuwa na utulivu, na ilipendeza kuwa hivyo. Bi Jaha alihamishia kiti chake karakana, na sharti lake la wiki moja hakulitaja tena. Alisimamia kila kitu, alikosoa kila kitu, na alidai tupa inashikwa vibaya ingawa hakuwahi kushika tupa maishani. Sasa wembe ulikaa juu ya kijiti kifupi cha chuma kilichopita tunduni, na ungeweza kuunoa mpaka ukachoka mwenyewe, hauanguki. Rukaya akaongeza kijino kinachoegemea ubapa wa makali. Wembe ukinolewa kupita kiasi, kijino kinashuka, dole gumba halisukumi kitu, kisu kinagoma. Humo ndani ya mpini akaweka nafasi ya wembe wa akiba, ili anayegomewa asiwe na kisingizio.

Jambo moja alilifanya bila kusema. Siku moja mchana alichukua donge la unga wa chapati, akamwomba mama yake alikandamize kwa kile kidole kilichonyooka. Bi Jaha alitii, akauliza kama anapimiwa pete na mchumba ni nani. Rukaya akasema ni mapema kumtaja.

Magunia ya kwanza ya alizeti yaliingia Jumatatu, kwa lori, na yalikuwa ya Henry. Pale Majengo gunia la kwanza la msimu hufunguliwa na mkubwa wa safu, dua ikishasomwa, na safu yote husimama. Nurdini alikuwa amekitoa kigoda stoo, amekipangusa, amekiweka mahali pake. Kilikuwa kitupu. Dua ilisomwa. Nurdini akatazama huku na huku, na pembeni yake alisimama mama mwingine aliyeombwa ashike nafasi, hana raha hata kidogo, anazungusha kanga yake vidoleni.

Bajaji ikasimama kwenye kona. Bi Jaha alishuka amevaa kanga mpya, hakumsalimia mtu, akapita katikati ya watu mpaka kwenye gunia. Yule mama akasogea upesi sana, utadhani ameondolewa mzigo kichwani. Henry alikunja mikono kifuani akauliza kama kisu alichokuja nacho ndicho kilekile.

"Si kilekile," alisema Rukaya, aliyeshuka nyuma ya mama yake.

Bi Jaha alifungua pindo la kanga, akakitoa kisu alichokabidhiwa na Rukaya alfajiri ile kikiwa kimekunjwa, akakikunjua. Mkono ukaanza kutetemeka. Watu wote waliona, na Dorkasi akageuza uso. Bi Jaha alikitazama kisu, kisha akakigeuza kidogo, kwa sababu juu ya mpini vidole vyake vilikuta kitu. Palikuwa na mfereji mrefu, ulionyooka, umechongwa kwa kipimo cha donge la unga. Alikilaza kidole chake humo, kidole kisichokunjika, kikaingia chote kikatulia. Mkono ukatulia nacho.

Akasukuma kwa dole gumba, akakata. Mkato mmoja, kutoka pembe hadi pembe, umenyooka kama kidole chenyewe. Gunia likafunguka, alizeti zikaanza kumwagika, na hapo mazoea ya miaka thelathini na moja yakamtangulia: kisu kikaenda menoni, mikono miwili ikadaka mdomo wa gunia. Rukaya aliusikia ule mlio mdogo wa springi. Wembe ulikuwa ndani.

Bi Jaha akainamisha sikio, akasikiliza mbegu zinavyoanguka kwenye turubai.

"Henry," alisema, kisu kikiwa kinywani, "humu umechanganya na za mwaka jana."

Henry akaangalia viatu vyake. Safu ililipuka kwa kicheko, Nurdini akapiga kelele kwamba kigoda kimepata mwenyewe, Dorkasi akapiga vigelegele mpaka lori la nyuma likapiga honi. Rukaya alilia wazi mbele ya watu, hakujali. Kabla ya saa sita Henry alikuwa amekuja kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kupata Kobe wawili wa kupeleka Mpwapwa.

Bi Jaha alifungua magunia arobaini na mawili siku hiyo, na katikati yake akasikia habari zote za mwaka mzima alizokosa, akazirekebisha nyingine. Adhuhuri ilipokaribia alikikagua kisu, akauchomoa wembe kwenye kijiti chake, akaufunga kwenye kipande cha karatasi, akamnyooshea binti yake.

"Rukaya. Kaninolee."

Mwanamke mzima wa miaka ishirini na tisa, fundi mwenye karakana yake, alipokea akaenda mbio. Ngazi ya Mzee Natwarlal ilikuwa imeshawekwa vigae vyeupe vinavyong'aa, upande huu na upande ule, ila katikati, kwa upana wa viganja viwili, fundi alikuwa ameacha saruji ya zamani na mfereji wake. Mzee Natwarlal alikuwa mlangoni, anatundika ndoano mbele ya duka, ndoano za kuning'inizia visu. Alimtazama, akasogeza mguu wake kumpisha. Rukaya akapiga magoti, akatema mate, akaanza kusugua.